Uwanja wa kijiji kugeuzwa viwanja vya nyumba: anzeni na muhtasari wa kikao

Mkuu, umeandika kwamba kampuni ya viwanja imeshasimika bikoni, yaani alama za mipaka ya upimaji, kwenye uwanja wenu wa kijiji, na mwenyekiti kila akiulizwa anajibu "imeshapita". Umeuliza kama bado kuna la kufanya. Lipo, na la kwanza ni kudai kuona hiyo "imeshapita" imeandikwa wapi.

Kwetu, mkoa wa Pwani hapa Tanzania, tulipambana na jambo hilihili. Uwanja wetu ndipo vijana wanapochezea mpira, ndipo gulio linapokaa, ndipo Waislamu wanaposali Idi. Masika maji yote ya upande wa juu hutuama pale kabla ya kuteremka bondeni. Kampuni ilitaka kujenga nyumba za kuuza, na madalali walishaanza kuzungusha mchoro wa viwanja kabla wengi wetu hatujasikia chochote. Watu walichemka, wengine wakataka kwenda kung'oa bikoni usiku. Nawasihi msiguse bikoni. Kuzing'oa ni kosa kisheria, na kesho yake mtakuwa mnahangaikia dhamana za vijana wenu badala ya kuhangaikia ardhi.

Tulichofanya ni kuandika barua kwa mtendaji wa kijiji kuomba nakala ya muhtasari wa kikao kilichopitisha jambo hilo. Tukazungushwa: mara daftari liko kwa mwenyekiti, mara liko wilayani. Tukapeleka nakala ya barua ile kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya na kuhakikisha yetu inagongwa mhuri wa kupokelewa. Daftari likapatikana. Ulikuwa muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji, wale wajumbe wachache, wala si wa Mkutano wa Kijiji. Ajenda zilikuwa choo cha shule na michango ya madawati. Uwanja haukutajwa mpaka chini kabisa, kwenye "Mengineyo", mstari mmoja tu: wajumbe wamepokea ombi la mwekezaji na kuliafiki. Hakuna ukubwa wa eneo, hakuna mipaka.

Mstari ule ndio uliotupa nguvu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano wa Kijiji, yaani ninyi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Wakisema ardhi itahamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiwe tena ya kijiji, ili mwekezaji apewe, bado hawajawapita: eneo lisilozidi hekta 250, Mkutano wa Kijiji ndio wenye kukubali au kukataa, na uwanja wa mpira haufiki hata robo ya hapo. Ulizeni pia rejista ya ardhi ya matumizi ya pamoja, ambayo halmashauri ya kijiji inatakiwa kuitunza, na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kama mnao. Uwanja ukiwa umeandikwa humo, hoja yenu imekuwa nzito maradufu.

Lakini hakikisheni kwanza kama bado ni kijiji. Maeneo mengi ya pembezoni mwa miji yameshageuka mitaa ya mji, na huko inatumika Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kama ndivyo, nendeni ofisi ya mipango miji mkaone mchoro wa eneo lenu na matumizi yaliyopangwa.

Kuhusu hoja zenyewe: "hatutaki wageni" haitawafikisha popote, na kusema kweli si haki, maana kila mtu anahitaji pa kuishi. Andikeni mambo ambayo afisa anaweza kuja kuyaona. Sisi tulipiga picha za maji yalivyojaa masika na nyumba za chini zilivyoingiliwa, tukauliza maji hayo yataelekea wapi pakishajengwa. Tukauliza gulio litahamia wapi. Tukaonyesha eneo jingine la kijiji lililo juu, kavu, ambalo wangeweza kuliomba. Hili la mwisho lilituondolea ile lawama ya kupinga maendeleo, ambayo mtaisikia sana.

Mtaisikia hata kutoka kwa wenzenu. Kwetu kuna wazee walioahidiwa kiwanja na vijana walioahidiwa ajira. Msiwaite wasaliti. Waambieni waombe ahadi hizo kwa maandishi. Kampuni haikuandika hata moja, na wengi wao wakarudi upande wetu bila kusukumwa.

Kisha daini Mkutano wa Kijiji wenye ajenda ya uwanja peke yake, tangazo libandikwe mapema. Kuweni na daftari lenu la mahudhurio. Akina mama wa gulio wawahi na wakae mbele, maana kwetu wao ndio waliouliza maswali yaliyomkwamisha mwakilishi wa kampuni. Azimio likishapita, lisomwe kwa sauti na kusainiwa palepale kabla watu hawajatawanyika, na mpige picha ukurasa ule.

Kwetu kampuni iliondoka, na uwanja ukaingizwa kwenye rejista. Ila kipande cha kando ya barabara hatukukipata. Kulikuwa na watu walioshauziwa na wameshajenga misingi, na mkutano ukaona kuwabomolea ni kuwatesa wasiohusika. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu tungepata muhtasari mapema, watu wale wasingeuziwa.

Ikishindikana hapo, kuna Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu na haliamui, halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini mkitaka kuishtaki halmashauri ya kijiji yenyewe, kuna notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Hapo tafuteni wakili au kituo cha msaada wa kisheria. Barua ya kuomba muhtasari haihitaji wakili. Ipelekeni wiki hii, na nakala yenu igongwe mhuri.