Jiko la kuni la pipa: simenti na bomba la maji visikae kwenye moto

Mkuu wa Buhongwa, umesema una pipa la lita 200, kipande cha bomba la maji na nusu mfuko wa simenti, unataka kumtengenezea shemeji jiko la kukaangia samaki. Pipa sawa, ila liwe lililobeba mafuta ya kula. La petroli hata likiwa tupu linaweza kumlipukia fundi. Hivyo viwili vingine usivipeleke kwenye moto, mimi vilishanitia hasara.

Bomba la maji linang'aa kwa sababu limepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, ikivuka 900 inageuka moshi. Mimi sikungoja hata jiko liwashwe. Fundi anachomelea, nimemshikia bomba, tunapiga stori, moshi mweupe unatupitia puani na pale kwenye kiungo unabaki unga kama wa muhogo. Saa mbili usiku natetemeka chini ya blanketi, mdomo una ladha ya sarafu. Nikajua malaria. Nikapima, hamna kitu, na kesho yake jioni nilikuwa mzima. Mabati ya kuezekea ni ndugu wa bomba hilo. Tafuta chuma cheusi cha milimita 3 kwenda juu kwa wauza vyuma chakavu. Na kama kuna mzee anakupa vigae vya asbesto (vile vya zamani vyenye nyuzi zinazodhuru mapafu) bure, shukuru, usivichukue.

Simenti nayo inashikana kwa maji yaliyofungwa ndani yake. Moto ukiyafukuza, unabaki na vumbi. Jiko langu la kwanza, Igoma, nililisiliba ndani kwa simenti na mchanga, siku ya tatu ufa ukazunguka mdomo wote, wiki ya pili vipande vinadondokea kwenye mkaa. Itumie kwenye msingi, huko chini.

Halafu sisi wa Mwanza jiwe tunaliona dawa ya kila kitu. Niliokota mafiga matatu pale ufukweni, yamelala majini miaka. Moja lilipasuka kama baruti, kipande kikatoboa khanga ya mke wangu. Maji yaliyojificha ndani yakigeuka mvuke yanatafuta njia. Hata likiwa kavu, jiwe letu la matale (graniti) hupasuka likipata moto mkali.

Kinachokaa na moto ni udongo wa kichuguu. Uponde, uchekeche, kisha ufinyange kijiti cha unene wa kidole ukikunje: kikikatika papo hapo, mchanga umezidi. Mimi huchanganya debe moja la udongo na nusu debe la pumba za mpunga. Pumba zikiungua zinaacha vitundu, na hivyo vitundu ndivyo vinavyozuia joto lisikimbilie kwenye pipa. Siliba unene wa vidole vinne, au jenga chumba cha moto kwa matofali ya kuchoma ukiyaunga kwa udongo huohuo, na nafasi inayobaki hadi kwenye pipa jaza majivu makavu yaliyochekechwa. Kausha kivulini wiki mbili, usiwe na haraka ya chipsi. Kisha moto wa vijiti siku tatu, ndipo kuni zenyewe.

Liweke nje au kwenye banda lililo wazi, pipa jipya likiungua rangi watoto wasogee mbali.

Langu la sasa lina miaka miwili na linakaanga sato kila siku. Nimesiliba upya mdomo tu, mara mbili, maana mama watoto anasukuma kuni kama anafukuza mbuzi.