Jibu: Wafaransa wanauana wenyewe kwenye Un village français?

Salaam mkuu. Umekwama msimu wa 6 wa Un village français, tamthilia ya Kifaransa kuhusu mji mmoja chini ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, huelewi kwa nini Wafaransa wanapigana wenyewe ilhali Mjerumani anafungasha virago. Mimi huangalia mavazi kwanza. Sare za buluu iliyokoza na bereti ni Milice, kikosi cha serikali ya Vichy (serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Mjerumani) kilichoundwa Januari 1943. Hao nao ni Wafaransa, na Mjerumani akiondoka hawana pa kujificha.

Kitambaa cha mkononi chenye FFI ni wapiganaji wa upinzani, Wafaransa waliompinga Mjerumani na Vichy. Humo wamo FTP, kundi lililoongozwa na Wakomunisti, ndiyo maana hata kwenye ushindi wanabishana.

Mhusika mgumu kumwelewa ni Daktari Larcher. Alikubali umeya 1940 mji usikose kiongozi, akaishia kutekeleza amri za Vichy. Usimsubiri awe shujaa. Bado giza? Rudia msimu wa 5.