Nyumba za kupangisha msimu wa sikukuu: kabla ya kamera, anza na daftari la nani yupo na nani hayupo

Mkuu, umeuliza kama fedha uliyonayo ununulie kamera au uongeze mlinzi wa pili, kwa kuwa kati ya wapangaji wako 8 wa Kinyerezi, 6 wanasafiri kuanzia tarehe 18 Desemba na wewe mwenyewe utakuwa Rombo mpaka tarehe 6 Januari. Kwa maoni yangu vyote viwili visubiri kidogo. Kiwanja chenye familia 8 ndani ya geti moja kinaibiwa sikukuu kwa sababu hakuna anayejua kwa uhakika nani kaondoka, nani kabaki na nani ameruhusiwa kuingia. Mtu anakuja mchana kweupe na Kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), anasema katumwa na shemeji yake kuchukua friji, na mlinzi anamsaidia kubeba. Kamera itakuonyesha friji ikitoka, basi.

Kwa hiyo nunua daftari la kaunta. Wiki ya kwanza ya Desemba mpigie kila mpangaji, mmoja mmoja, uandike: namba ya chumba, tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, nani anabaki, nani anaruhusiwa kuingia wakati hayupo, simu ya ndugu mmoja ambaye hasafiri naye, na usomaji wa mita ya maji siku anayoondoka. Usikusanye habari hizi kwenye grupu la WhatsApp. Makundi ya wapangaji yana watu waliohama miaka miwili iliyopita, fundi bomba aliyeunganishwa mara moja, na wakati mwingine dalali. Watoe wote leo. Mpangaji akiandika mle "jamani sisi tunaondoka kesho alfajiri", ameshatangaza kwa watu usiowajua. Grupu liwe la matangazo tu. Tangazo lenyewe liwe hivi:

"Habari za jioni. Tarehe 10 saa 3 asubuhi fundi atakuwa uani kurekebisha geti na taa. Atakayesafiri naomba anijulishe mimi kwa simu, asiandike hapa. Kuanzia tarehe 18 Desemba hadi 6 Januari hakuna chombo kikubwa kitakachotoka getini mpaka nizungumze na mwenye chumba kwa namba iliyo kwenye mkataba wake. Utaratibu huu ni kwa vyumba vyote."

Hayo maneno "namba iliyo kwenye mkataba" yana kazi. Mwizi wa aina hii huja na simu mkononi: "Ongea naye mwenyewe, huyu hapa." Mlinzi asiipokee simu hiyo. Akupigie wewe, nawe umpigie mpangaji kwa namba uliyonayo. Asipopatikana, friji inabaki ndani, hata kama aliyekuja ni ndugu yake kweli. Ndugu wa kweli ataweza kurudi kesho.

Funguo za akiba nazo zina utaratibu wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamlinda mpangaji akae kwa amani katika nyumba aliyopanga, kwa hiyo usijiingilie chumbani kwake "kukagua" wakati yuko safarini. Anayetaka kukuachia ufunguo aufunge kwenye bahasha mbele yako, asaini juu ya mdomo wa bahasha, na muandike sababu zitakazokuruhusu kuifungua: maji kumwagika, moshi, mlango kuvunjwa. Ukiifungua, uwe na shahidi na upige picha kabla ya kugusa chochote. Na kama kuna chumba kilichobadilisha mpangaji mwaka huu bila kubadilisha kitasa, badilisha sasa. Aliyehama anaweza kuwa na nakala.

Sasa geti. Mageti mengi ya mtaani yananing'inia kwenye bawaba za pini, pini zote zikitazama juu. Simama wewe na fundi wa kuchomelea, mshike geti kwa chini mlinyanyue. Likipanda sentimita 3 au 4, watu wawili wanaweza kulitoa lote bila kugusa kufuli. Dawa yake ni ya dakika chache: achomelee kipande cha nondo au washa (pete ya chuma) nene juu ya bawaba ya juu ili geti lisiweze kupanda. Akimaliza, mnyanyue tena. Msiondoke kwa kuangalia tu kwa macho.

Kufuli za milango ya vyumba ndizo zinazonikera zaidi. Milango 6 yenye kufuli kubwa kwa nje, siku tano mfululizo, ni orodha ya wasiokuwepo imebandikwa ukutani. Kitasa kizuri kinachofungwa ndani ya mlango hakisemi kitu. Angalia silinda yake, pale unapoingiza ufunguo: ikichomoza nje ya bamba la kitasa zaidi ya milimita 3, inashikwa kwa plaizi na kukatika katikati. Nunua silinda inayolingana na unene wa mlango. Mahali ambapo lazima utumie kufuli, upinde uwe milimita 10 au zaidi, wa chuma kigumu, na ukifunga usibaki na nafasi ya kupitisha mkasi wa kukatia chuma. Upinde wa milimita 6 unakatwa kwa mkasi wa mkono mara moja. Kisha tazama komeo lenyewe, kwa sababu ndipo kazi inapoharibikia: mafundi hulipiga skrubu nne fupi zinazoonekana nje, na bisibisi inazitoa bila kelele wakati kufuli la gharama bado linang'aa. Weka bolti zinazopenya mlango, nati zikae ndani, na ncha zichomelewe.

Madirisha ya alumini ya kuteleza yana udhaifu unaofanana na wa geti. Ukilinyanyua jani la dirisha linaweza kutoka kwenye reli yake. Kata ubao wenye urefu wa nafasi inayobaki kwenye reli ya chini, ulaze ndani. Grili ya nondo zilizosimama tu hupanuliwa kwa jeki ya gari, kwa hiyo omba vyuma viwili vya kulala vichomelewe vizuri kwa kila nondo, visishikizwe juu juu tu. Mwambie mpangaji aondoe kila kitu kilicho umbali wa mti mrefu kutoka dirishani. Simu, pochi na nguo huvuliwa kwa mti wenye ndoano bila mtu kuingia ndani.

Zunguka ukuta kwa nje pia. Lundo la tofali la jirani anayejenga, mnara wa simtank ulioegemea ukuta, ngazi iliyolazwa nyuma ya choo, hizo zote ni ngazi za mwizi. Kama una fensi ya umeme, kata matawi yanayoigusa. Mvua za vuli hukuza mibuganvilia haraka, na kila tawi lenye unyevu linalogusa waya linapunguza nguvu yake.

Taa za uani zisiwake mchana. Taa inayowaka saa 6 mchana siku ya tatu inasema hakuna mtu wa kuizima. Fundi umeme afunge swichi ya kuhisi mwanga, iwake yenyewe jioni na kuzima alfajiri. Balbu ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku, kwa siku 21, inakula yuniti 2.3 hivi, kwa hiyo hata ukifunga nne hutafika yuniti 10. Kosa la kawaida liko kwenye nyaya. Taa ya uani imeunganishwa na LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya chumba fulani, mwenye chumba kasafiri, yuniti zimeisha tarehe 23, na uwanja mzima uko gizani mpaka mwaka mpya. Unaweza kununua umeme kwa simu ukiwa Rombo, lakini ile tokeni ya tarakimu 20 lazima mtu aiingize, na kama kibodi ya mita imefungiwa chumbani hakuna wa kuiingiza. Hamishia taa za nje na kamera kwenye mita yako na uijaze kabla ya kuondoka.

Na usisahau maji. Kwa upande wa hasara, maji yanaweza kukugharimu kuliko mwizi. Siku ya mgao mpangaji anafungua bomba la jikoni, halitoi, anaondoka na mabegi bila kulifunga. Maji yanarudi saa 8 usiku. Bomba linalotoa lita 10 kwa dakika linamwaga lita 14,400 kwa siku, yaani yuniti 14 na zaidi (yuniti moja ya maji ni lita 1,000), na kama sinki limeziba yanapita chini ya mlango hadi kwa jirani. Kila chumba kiwe na koki yake kwa nje, ifungwe siku mpangaji anapoondoka. Koki zikishafungwa zote, simama kwenye mita kuu uangalie kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka, kuna bomba linavuja ardhini au boya la simtank halifungi. Litafute kabla hujapanda basi. Shimo la choo likikaribia kujaa, ita gari la kunyonya mapema. Tarehe 24 utabembeleza na utalipa zaidi.

Ndani ya vyumba mwambie kila mmoja achomoe plagi zote, azime mtungi wa gesi kwenye regyuleta, na kama haachi kitu kwenye friji azime swichi kuu kabisa.

Sasa mlinzi. Mlinzi mmoja hawezi kulinda usiku na mchana kwa wiki tatu, na hatari yako kubwa ni mchana. Ukitaka kuongeza mtu, ongeza wa mchana akae getini na nakala ya daftari. Nakala hiyo iwe na majina ya wanaoruhusiwa kuingia tu, tarehe za safari zibaki kwako. Usilipe mshahara wote na zawadi ya Krismasi kwa mkupuo tarehe 20. Naye ana kwao. Kaa naye, mkubaliane kwa maandishi: sehemu tarehe 20, sehemu tarehe 2, na jina la atakayempokea siku anazopumzika. Mlipe kwa haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kazi za sikukuu ya umma zilipwe mara mbili ya mshahara wa msingi, na kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, iongezewe asilimia 5. Tarehe 9, 25 na 26 Desemba pamoja na 1 na 12 Januari zimo. Mlinzi aliyedhulumiwa siku ya Krismasi hakai getini, na sitamlaumu.

Kumfuatilia ukiwa mbali, tumia njia hii: jioni mtumie neno moja kwa meseji, mfano "ndizi". Saa 7 usiku aliandike kwenye karatasi, alipige picha mbele ya geti na mbele ya kila mlango wa chumba kisicho na mtu, akutumie. Picha ya jana haitakuwa na neno la leo.

Kamera, kama bado unazitaka, piga hesabu ya diski. Kamera 4 zinazorekodi muda wote kwa megabiti 2 kwa sekunde kila moja zinajaza gigabaiti 86 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 inajaa siku ya 11 au 12, kisha inaanza kufuta za mwanzo. Tukio la tarehe 19 ukiligundua tarehe 6 limeshafutika. Ziweke zirekodi pale tu kitu kinapotembea mbele yake, au weka diski ya terabaiti 2. Kisanduku cha kurekodia kifungiwe mahali pasipofikika, saa yake iwe sahihi, na kiwe na betri ya akiba. Kamera zitazame geti na njia, zisitazame ndani ya milango na madirisha ya watu.

Kabla ya kuondoka nenda kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, uwaachie namba yako na ya mtu wako aliyebaki Dar, na ulipe mchango wa ulinzi shirikishi kama mtaa wenu unao. Mlinzi awe na 112 ya polisi na 114 ya zimamoto kwenye karatasi ukutani, maana simu yake inaweza kuzima chaji. Mlango ukikutwa umevunjwa, asiingie mtu kufagia wala kupanga vitu. Picha kwanza, kisha polisi, mpangaji akatoe maelezo ya vitu vyake na kupewa RB (namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni), wewe utoe ya mlango na kitasa.

Ukirudi, soma mita za maji pamoja na kila mpangaji na mlinganishe na daftari siku hiyohiyo. Kama una chumba kilichokaa wazi tangu Oktoba, usishtuke ukinunua umeme wa 5,000 ukapata yuniti kiduchu. Kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na miezi ambayo hukununua inakatwa yote kwa pamoja. Mpangaji mpya asibebeshwe deni hilo. Nunua wewe kwanza mara moja, ndipo umkabidhi mita.