Maswali ya Wasomaji: Sikukuu ya Yule nyumbani, kisha mtoni

SWALI: Sisi ni Wapagani, lakini wazazi wetu ni Wakristo. Tuadhimisheje Yule, sikukuu yetu ya katikati ya majira ya baridi, bila ugomvi, na imani yetu iingieje katika harakati za mazingira?

JIBU: Yule huangukia usiku mrefu kuliko yote: karibu 21 Desemba kaskazini mwa ikweta, 21 Juni kusini. Kwa hiyo haigongani na Krismasi. Nendeni kwa wazazi tarehe 25 bila kubishana sikukuu ipi ilitangulia.

Kwa ibada ya nyumbani, chukueni gogo kavu la sentimita 40, mlichonge upande mmoja liwe bapa lisibingirike, kisha toboeni matundu matatu ya mishumaa yenye kina cha sentimita 2. Tundu likizidi upana, mshumaa huyumba; zibeni nafasi kwa udongo wa mfinyanzi, si karatasi. Matawi ya msonobari ya mapambo yakikauka hushika moto upesi, basi yawekeni mbali na miali. Dakika 10 zatosha. Watoto wakichoka, ibada imekwisha mtake msitake.

Imbolc, sikukuu ya Kipagani ya kukaribisha majira ya kuchipua (1 Februari kaskazini, 1 Agosti kusini), ni ya Brigid, mungu wa kike wa Kiairishi anayehusishwa na chemchemi. Safisheni mto siku hiyo, kwa glovu na ruhusa ya wenye eneo. Mkifunga vitambaa vya dua mtini, viwe vya pamba na vilegee: nailoni haiozi, hukaba tawi. Chumvi msimwage, huua mimea.

Kwenye maandamano ya watu wa imani zote, fanyeni ibada yenu kabla ya kutoka nyumbani. Wenzenu hawakuja kuabudu.