Re: Skana ya kawaida inaweza kubaini hati ya kughushi?

Mkuu, umeuliza kama skana ya ofisini inatosha kugundua hati iliyochezewa. Haitoshi. Inatumia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho tu, na huo ndio mwanga ambao mghushi amejiandaa nao.

Anza na tochi ya urujuanimno (UV, mwanga usioonekana kwa macho), yenye urefu wa wimbi wa nanomita 365. Karatasi ya kawaida ya printa ina kemikali za kung'arisha, kwa hiyo inawaka buluu. Karatasi maalumu ya usalama hubaki imefifia, zikiwaka nyuzi zake tu. Hati inayotakiwa kuwa kwenye karatasi hiyo ya usalama ikimeremeta nzima kama shati jipya jeupe, shtuka.

Mimi binafsi naiamini zaidi kamera ya infraredi, inayoona mwanga uliopita wekundu ambao macho hayauoni. Mtu akichomeka 1 mbele ya 5,000 kwa kalamu nyingine, macho yanaona weusi uleule. Kwenye infraredi, wino mmoja unaweza kutoweka kabisa na mwingine ukabaki, ile 1 ikasimama peke yake. (Ila wino ukifanana, haimaanishi kalamu ilikuwa moja.)

Palipokwanguliwa, laza tochi ubavuni mwa karatasi: nyuzi zilizochanika zitatupa vivuli. Na usikubali kukagua fotokopi, dai hati halisi.