Maswali na majibu: Utapimaje mkakati usioshikika kwa mkono?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanaoandika tasnifu za biashara. Nimezifupisha.

Mwalimu, shikamoo. Nasoma uzamili Morogoro. Nataka kupima mwelekeo wa kijasiriamali wa wenye maduka Kariakoo. Msimamizi kaniambia nichukue dodoso la watafiti Covin na Slevin, nilitafsiri, nigawe. Lichukuliwe lilivyo?

Marahaba. Hapana, lisichukuliwe lilivyo, ingawa msimamizi wako hajakosea kulitaja. Lina maswali tisa tu: matatu ya ubunifu, matatu ya kuwatangulia wengine sokoni, matatu ya kuthubutu. Mizizi yake ni makala ya Danny Miller ya mwaka 1983, na Covin na Slevin walilitumia mwaka 1989 kwa viwanda vidogo 161, wakiwauliza mameneja wakuu. Sasa soma swali la kwanza. Mhojiwa anatakiwa aseme kama uongozi wake unaegemea kuuza bidhaa zilizozoeleka, au unatilia mkazo utafiti, teknolojia na ubunifu. Mwenye fremu ya vitenge atakutazama tu. Ubunifu wake haumo maabara. Umo katika kwenda Guangzhou akarudi na mzigo ambao mtaa mzima haujauona, au kumtumia picha mteja wa Lubumbashi kwa WhatsApp kabla kontena halijafika bandarini. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio.

Kwa hiyo ibakize dhana, badilisha maswali. Kabla hujaandika hata moja, kaa na wafanyabiashara wachache uwasikilize wakisimulia mara ya mwisho walipothubutu jambo: walikopa wapi, mzigo gani ulidoda, nani alitangulia na nani akaiga. Ukishapata rasimu, wasomee na uwaombe wafikiri kwa sauti wanapojibu. Wakicheka swali, hilo swali limekufa, litoe. Halafu andika kwenye tasnifu ulichobadilisha na sababu yake, maana jopo litauliza. Utakutana pia na Lumpkin na Dess, ambao mwaka 1996 waliongeza uhuru wa kutenda na ukali wa ushindani. Usibebe vyote vitano kwa sababu tu vipo. Duka la mtu mmoja na kijana wake wa kazi, uhuru wa kutenda utampimia nani?

Alfa yangu ya Cronbach, ile namba ya kuonyesha kama maswali ya dodoso yanakubaliana, imetoka 0.95. Msimamizi kafurahi, mjumbe mmoja wa jopo kakunja uso. Kwa nini?

Kwa sababu amesoma maswali yako, na mimi pia nimeyasoma, asante kwa kuyaambatisha. «Kampuni yetu hupenda mawazo mapya.» «Kampuni yetu huthamini mawazo mapya.» «Mawazo mapya hupokelewa vizuri katika kampuni yetu.» Hilo ni swali moja lililovaa kanzu tatu, na aliyejibu 4 la kwanza atajibu 4 yote. Alfa, tangu Cronbach alipoiandikia makala yake ya mwaka 1951, inaonyesha jinsi majibu yanavyokwenda pamoja. Haijui yanakwenda pamoja kuhusu nini. Tena hupanda kadiri unavyoongeza maswali, na inaweza kuwa kubwa hata pale maswali yanapogusa mambo mawili tofauti. Ile 0.70 ambayo kila tasnifu inaitaja ni kizingiti cha kuanzia, haikupi cheti. Mjumbe wako anataka ushahidi mwingine: kipimo chako kinaenda sambamba na mambo ambayo nadharia inasema kiende nayo, na kinajitenga na yale kisichopaswa kufanana nayo. Hilo ndilo swali la uhalali, na ndilo wengi wanalolikimbia.

Wenye biashara hawanionyeshi hesabu, wanadhani nimetumwa na TRA, watu wa kodi. Nikiwauliza tu kama wanafanya vizuri kuliko washindani wao, inatosha?

Inasaidia, mradi ujue mipaka yake. Dess na Robinson walichunguza jambo hili mwaka 1984 kwa kampuni ambazo haziko kwenye soko la hisa, wakakuta maoni ya viongozi kuhusu faida na ukuaji wa mauzo yalikwenda pamoja na takwimu halisi. Tangu hapo makala hiyo imekuwa kichaka cha kujifichia. Watafiti wanaikariri wakisahau kwamba hata wenyewe walisema takwimu halisi zikipatikana zitumike.

Tatizo lako kubwa liko kwingine. Umemkalisha mtu mmoja, ukamwuliza kama mkakati wake ni mzuri, na dakika kumi baadaye ukamwuliza kama biashara inakwenda vizuri. Aliyeamka na furaha atasema ndiyo mara mbili, nawe utaandika kwamba mkakati unaleta mafanikio. Podsakoff na wenzake walilichambua tatizo hili kwa kina mwaka 2003, na jaribio la Harman, kipimo cha takwimu cha kulikagua ambacho wanafunzi hukibandika mwisho wa sura ya tatu, haliliondoi. Dawa ni kubadilisha mdomo au wakati: mkakati mwulize mwenye duka, mwenendo wa biashara mwulize anayekaa kaunta, au rudi baada ya miezi kadhaa. Na vipo vya kuhesabu visivyomtisha mtu. Ana wafanyakazi wangapi, mwaka juzi walikuwa wangapi? Ameongeza fremu au amerudisha?

Majibu ya dodoso yawe na ngazi tano au saba?

Yoyote, ilimradi uwe na sababu. Likert mwenyewe, ambaye mizani hii ya majibu ina jina lake, alitumia tano mwaka 1932. Covin na Slevin walitumia saba.

Nimeandika aya nne, moja kwa kila aina ya mkakati iliyoelezwa na watafiti Miles na Snow, kila meneja achague inayomfaa. Karibu hakuna aliyechagua ya nne. Nimekosea wapi?

Aya ya nne ni ya kampuni isiyo na mkakati unaoeleweka, inayosukumwa na kila upepo. Miles na Snow waliieleza hivyo tangu mwaka 1978. Nani ataizungushia duara mbele ya mgeni? Nyani haoni kundule. Tazama matendo yao ya miaka mitatu minne iliyopita, bidhaa walizoingiza na kuziacha, kisha uwapange wewe.

Kuna utafiti wowote uliopima jambo la namna hii bila kumtegemea meneja ajisifu?

Upo. Bloom na Van Reenen, makala ya mwaka 2007, walipima ubora wa usimamizi katika viwanda 732 vya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Waliuliza kwa simu juu ya mazoea 18, kwa maswali ya wazi. Hawakumwuliza meneja kama anafuatilia utendaji. Walimwuliza anafuatilia viashiria gani, nani anaviona, na mtu akipita kiwandani angejuaje kama siku inakwenda vizuri. Aliyezoea maneno matupu anaishiwa hapo. Mhoji ndiye aliyetoa alama, 1 hadi 5, meneja hajui kwamba anapewa alama, na mhoji hajui kama kampuni inapata faida au hasara. Baadhi ya viwanda vilipigiwa simu mara ya pili, na mhoji mwingine akamhoji meneja mwingine, ili kuona kama alama zitakaribiana.

Wewe huna bajeti ya nchi nne. Lakini rafiki wa darasa asiyejua hesabu za maduka yako unaye, na anaweza kutoa alama akisikiliza mahojiano uliyorekodi kwa ruhusa ya wenyewe.