Mama wa Njoro, hati usitoe

Juzi mama mmoja wa Njoro aliniandikia. Kijana wake anataka aandikishiwe shamba ili achukue mkopo, na bodi ya ardhi inaketi wiki ijayo. Afanyeje? Niliusoma ujumbe ule mpaka chai ikapoa, maana ni kama alikuwa ananisimulia maisha yangu.

Mimi ni nesi mstaafu. Ploti yangu ya Free Area, hapa Nakuru, niliinunua nikiwa bado kazini, nikajenga polepole: mwaka huu msingi, mwaka ujao mabati. Nani kati yetu hakujenga akiwaza pa kuzeekea? Mume wangu alipofariki, kifungua mimba wangu akaja na maneno laini. "Mama, ni karatasi tu. Nyumba ni yako." Nikasaini hati iende kwa jina lake. Tena siku hiyo nilimchinjia kuku.

Akachukua mkopo kwa hati ile, na biashara yake ya lori ikaanguka. Sheria inataka benki impe mkopaji notisi ya siku 90, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye atoe siku zake 45. Siku ni nyingi, lakini barua zote zilimwendea mwenye hati, na mwenye hati hakuwa mimi tena. Mimi nilijua siku nilipokuta watu wanapima ua wangu. Mmoja akaniuliza, "Shosho, wewe ni mpangaji hapa?"

Nikahamia kwa kijana. Kitanda changu kilikuwa kochi la sebuleni. Kila usiku nilikaa pembeni, blanketi limekunjwa mapajani, nikisinzia, nikingoja habari ziishe, mechi ianze, mechi iishe, ndipo nitandike. Mkaza mwanangu hakunitukana hata mara moja, nisimsingizie. Ila presha ilipanda, na mimi nesi mzima nilijua shida si chumvi.

Leo nina chumba cha kukodi Kaptembwa, kwa pensheni yangu, na ufunguo ni wangu. Nikitaka nalala saa mbili. Dawa ni zile zile, lakini presha imeshuka. Jirani yangu, mzee kunipita, hana pensheni. Anategemea zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, na kabla hajanunua unga landilodi amebisha hodi.

Kwa hivyo wazee wenzangu, hati usitoe. Unataka mtoto arithi? Andika wosia, usaini mbele ya mashahidi wawili wasio warithi. Wosia utaubadilisha hata kesho ukiudhiwa. Hati ikibadilishwa jina, umekuwa mgeni kwako. Akikuapia, usitoe. Akilia, mpe leso, lakini usitoe. Na nyinyi vijana, mtaji utafuteni kwingine, paa la mama si mtaji. Mungu anawaona. (Wangu anasoma hapa, najua. Asome.)

Mama wa Njoro, lako ni shamba, haliwezi kubadilishwa jina bila idhini ya bodi. Mbele ya bodi waambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba hujakubali. Ukiona haya kusimama peke yako, nitumie siku na saa. Nitapanda matatu ya asubuhi, nikae nyuma yako.